Matanga Yasiyoanuliwa

Mwezi Julai 1905 mambo mawili yalianza, moja katika mji wa Boston nchini Marekani, jingine katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa. Huko Boston daktari Joseph Pratt aliwakusanya wagonjwa wa kifua kikuu ambao umaskini haukuwaruhusu kulazwa kwenye hospitali za milimani walikotibiwa wenye fedha. Nia yake ilikuwa ndogo: awafundishe wote kwa pamoja namna ya kupumzika, kula na kulala penye hewa safi, badala ya kumrudilia kila mmoja maneno yaleyale. Wakawa wanakutana mara moja kwa wiki. Muda si mrefu Pratt akaona kwamba wagonjwa wanapeana kitu ambacho yeye hakukiandikia dawa. Aliyeongezeka uzito alimtia moyo aliyekonda, na aliyedhani anakufa peke yake alikuta wenzake wanakohoa kama yeye. Vitabu vingi vya saikolojia vinapoeleza historia ya tiba ya kikundi huanzia kwenye chumba hicho.

Umatumbi, katika kijiji cha Nandete, watu waling'oa miche ya pamba waliyokuwa wakilazimishwa kulima. Kung'oa pamba ya Mjerumani kulikuwa kutangaza vita. Vita vya Maji Maji vilienea kutoka huko hadi Ungoni na Ubena, na kabla havijaisha mwaka 1907 vilikuwa vimeua watu wengi kuliko vita vyovyote vilivyopiganwa kabla yake katika nchi hii. Makadirio ya chini kabisa ni 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa.

Watu wa Boston na watu wa Nandete hawakuwahi kusikiana. Nawaweka katika ukurasa mmoja kwa sababu ya swali ambalo limenifuata tangu nianze masomo ya uzamili: jamii iliyopitia maangamizi huomboleza vipi, na nani hukaa nayo wakati wa kuomboleza? Tunapenda kujibu kwamba watu wakutane, wakumbuke, waseme, watapona. Historia ya ukanda wetu inaonyesha kwamba jibu hilo limeruka hatua kadhaa.

Nianze na kwetu. Abiria wa basi la Mbeya anaijua Ilula kwa nyanya na vitunguu. Basi linamaliza kupanda Kitonga, linapata upepo wa Kilolo, na kabla halijasimama vizuri vijana wameshafika madirishani na ndoo. Ukisonga mbele kuelekea Iringa mjini unapita Lugalo. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, mashujaa wa Kihehe waliuvamia msafara wa jeshi la Kijerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, mtu ambaye wenyeji walimwita Nyundo. Zelewski aliuawa pamoja na Wazungu wengi wa kikosi chake na mamia ya askari Waafrika. Leo jina la Lugalo linabebwa na kambi ya jeshi jijini Dar es Salaam, na kila mtoto aliyesoma historia ya shule ya msingi analijua.

Yaliyofuata hayasimuliwi kwa sauti hiyohiyo. Oktoba 1894 Gavana von Schele alirudi na mizinga. Ngome ya Kalenga ikaanguka, wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakachukuliwa mateka. Mkwawa alitoroka akapigana vita vya msituni kwa karibu miaka minne. Katika miaka hiyo vijiji vilivyodhaniwa kumlisha vilichomwa, mazao yakaharibiwa, mifugo ikachukuliwa. Mpangile, nduguye, aliwekwa na Wajerumani kuwa mtawala mwishoni mwa 1896, na haikupita hata miezi mitatu wakamnyonga. Julai 1898, akiwa amezingirwa huko Mlambalasi, Mkwawa alijiua kwa bunduki. Kichwa chake kilikatwa.

Sehemu ya Mkwawa nimefundishwa vizuri. Jina lake liko kwenye shule ya sekondari, kwenye chuo kikuu kishiriki, kwenye vitabu vya kiada. Ile ya waliochomewa maghala nimeipata nyumbani, na haikuja kama simulizi. Bibi yangu alizaliwa miaka ya 1940, akalelewa na bibi yake ambaye wakati wa Mkwawa alikuwa msichana. Bibi ana sheria moja asiyoijadili: chakula chote hakikai mahali pamoja. Mahindi ya mbegu yako darini, mengine yako kwa shangazi, mengine kwenye debe ambalo anajua yeye tu. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ndivyo alivyofundishwa. Nilipouliza aliyemfundisha alikuwa amepatwa na nini, alisema hakumuuliza. "Ukiona mtu mzima amenyamaza, unamwacha," alisema, akaendelea kupepeta.

Sitaki kuvuna mengi mno kutoka kwenye debe moja la mahindi. Ukulima wenyewe unafundisha akiba, na njaa zimekuja mara nyingi tangu 1898. Wataalamu wa kiwewe cha vizazi nao bado wanabishana jinsi maumivu yanavyorithiwa, na mtu anayesema kila tabia ya bibi yake ni jeraha la ukoloni atakuwa anajipendekeza kwa nadharia. Ninachoweza kusema ni kwamba desturi ilifika kwetu na habari yake haikufika.

Kisha ikaja 1905, na hapa hadithi ya ushujaa inapata ugumu. Wahehe walio wengi hawakujiunga na Maji Maji. Walikuwa wametoka kwenye vita yao miaka saba tu nyuma. Kapteni Nigmann, mkuu wa kituo cha Iringa, alipokwenda kuiokoa boma ya Mahenge, aliandamana na wapiganaji wa Kihehe. Wasangu wa Merere nao walisimama upande wa Wajerumani. Wabena wengi walipigana nao. Septemba 1905 walishambulia misheni ya Yakobi karibu na Njombe. Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea na kuzikwa katika kaburi la pamoja. Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye. Nyanda za Juu Kusini zilizotoka kwenye vita hiyo zilikuwa na waliochomewa, waliochoma, na wengi waliofanyiwa yote mawili katika muda wa miaka kumi.

Je, yalikuwa mauaji ya kimbari? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1948 unadai kuthibitishwa kwa nia ya kuliangamiza kundi la watu kwa sababu ya taifa, kabila, rangi au dini yao. Ujerumani mwaka 2021 ilikubali kulitumia neno hilo kwa yale iliyowatenda Waherero na Wanama wa Namibia kati ya 1904 na 1908. Kwa Maji Maji haijafanya hivyo, na wanahistoria wenyewe hawajakubaliana. Kinachojulikana ni kwamba njaa ilikuwa silaha iliyochaguliwa. Maofisa wa Kijerumani, akiwemo Kapteni Wangenheim, waliandika wazi kwamba risasi pekee hazitamaliza vita na kwamba njaa ndiyo itakayowasalimisha watu. Wanasheria wana haki ya kuendelea kupima neno. Waliobaki na maghala matupu walikuwa wameshaanza kufiwa.

*

Gavana aliyeendesha vita vya Maji Maji aliitwa Gustav Adolf von Götzen. Miaka kumi na moja kabla, Mei 1894, kijana huyohuyo alikuwa amepita Rwanda na kukutana na Mwami Kigeli Rwabugiri, akawa Mjerumani wa kwanza kufika mbele ya mtawala huyo. Rwanda, Burundi na Tanganyika zilikuwa koloni moja hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo ninapoitazama Rwanda kutafuta mafunzo ya kuomboleza, sijatoka nje ya historia yetu. Ninafungua chumba kingine cha nyumba ileile.

Kuanzia Aprili hadi Julai 1994, katika muda wa siku 100 hivi, Watutsi waliuawa Rwanda pamoja na Wahutu waliokataa mauaji. Umoja wa Mataifa hutaja watu wapatao 800,000. Serikali ya Rwanda inasema ni zaidi ya milioni moja. Tanzania iliyaona kwa macho. Mto Kagera ulibeba maiti hadi Ziwa Viktoria. Tarehe 28 na 29 Aprili watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 tu. Wengi wao walikuwa Wahutu wakilikimbia jeshi la RPF, na miongoni mwao walikuwamo waliotoka kuua. Mahakama ya kuwahukumu wakuu wa mauaji iliwekwa Arusha, na Septemba 1998 ikatoa hukumu dhidi ya Jean-Paul Akayesu, ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Waliobaki hai ndani ya Rwanda walikuwa na maradhi ambayo hospitali haikuyajua vizuri. Kila Aprili ya maombolezo watu walianguka viwanjani, wakapiga mayowe kana kwamba wauaji wamerudi, wakakosa pumzi. Wanyarwanda walilipa hali hiyo jina, ihahamuka, neno wanalolihusisha na mapafu na kuishiwa pumzi. Madaktari wa akili walihesabika kwa vidole. Hakukuwa na namna ya kumkalisha kila mjane mbele ya mtaalamu wake.

Wajane walianza wenyewe. Januari 1995 waliunda chama cha AVEGA, mwanzoni kwa ajili ya kukaa pamoja, kulia, na kutafuta namna ya kulea yatima. Katika mikutano hiyo mwanamke aliyebakwa na kuambukizwa virusi vya UKIMWI aliweza kugundua kwamba aliyeketi kushoto kwake amepitia hayohayo. Ni kile alichokiona Pratt kwa wagonjwa wake wa kifua, na hawakukisoma kokote.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2005, huko Byumba kaskazini mwa Rwanda, dayosisi ya Kanisa la Anglikana ilianza mpango uliopangiliwa zaidi, ulioitwa tiba ya kijamii. Aliyeuleta alikuwa Cora Dekker, mtaalamu kutoka Uholanzi, akifanya kazi na Wanyarwanda. Kundi lina watu 10 hadi 15. Wanakutana mara moja kwa wiki, saa tatu kila mara, kwa wiki 15. Waongozaji ni wawili, watu wa kijiji hichohicho waliopata mafunzo. Wanaketi kanisani, darasani au chini ya mti. Ndani ya duara moja anaweza kuwamo aliyenusurika, mke wa mfungwa, mfungwa aliyeachiwa, na mkimbizi aliyerejea.

Kilichonivutia ni mpangilio wa hatua. Zipo sita: usalama, kuaminiana, kujaliana, kuheshimiana, kanuni mpya za maisha, na kumbukumbu. Kumbukumbu ipo mwisho. Wiki za mwanzo hakuna anayeombwa kueleza nani aliuawa wapi. Watu wanaulizana ni nini kinawafanya wajisikie salama au hatarini hapa kijijini, sasa. Wanacheza michezo ambayo mmoja hufumba macho na mwenzake kumwongoza. Wanapanga wenyewe masharti ya duara: nani azungumze, yanayosemwa yaishie wapi. Mtu anayehofia kwamba jirani yake atamwekea sumu kwenye pombe haanzishwi kwenye msamaha. Anaanzishwa kwenye hofu yake, na kundi zima linaipa uzito.

*

Umuhimu wa mpangilio huo unaonekana vizuri ukiutazama kando ya mikusanyiko mingine miwili ya ukanda wetu ambako watu walikumbuka pamoja.

Wa kwanza ni gacaca, mahakama za vijijini zilizomalizika rasmi mwaka 2012 baada ya kusikiliza karibu kesi milioni mbili. Zilifanya kazi ambayo mahakama za kawaida zisingeimaliza kwa miongo mingi. Familia nyingi zilijua kwa mara ya kwanza mifupa ya watu wao imelala wapi. Lakini kusema mbele ya kijiji kizima, mtuhumiwa akiwa ameketi hatua chache mbele yako na ndugu zake wakiwa nyuma yako, ni jambo jingine kabisa na kusema kwenye duara. Mtafiti wa Sweden Karen Brounéus aliwahoji wanawake 16 waliotoa ushahidi katika gacaca. Alikuta wanawake waliotishwa kabla ya kusema na baada ya kusema, na ambao maumivu yao yalizidi walipotoa ushahidi. Ukweli ulipatikana, na waliouleta walirudi nyumbani na hofu mpya.

Mkusanyiko wa pili ni wa hapa Tanzania. Mwaka 1972 Wahutu wengi wa Burundi waliuawa na jeshi la nchi yao, na maelfu wakakimbilia kwetu. Serikali iliwapa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Katikati ya miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi nao Mishamo, na kitabu chake kilichotoka 1995 ni kati ya vinavyosomwa zaidi kuhusu wakimbizi. Alikuta watu wa kambini wakisimulia pamoja, mara kwa mara, karibu kwa maneno yaleyale, jinsi walivyoteswa na Watutsi ni watu wa namna gani. Kila mmoja alikuwa na wa kumsikiliza. Hakuna aliyekuwa peke yake. Na simulizi hiyo ya pamoja iliwafunga katika picha moja ya adui asiyebadilika. Wenzao walioishi Kigoma mjini, wakichanganyika na wenyeji sokoni na mitaani, hawakuishikilia historia hiyo kwa namna hiyo.

Mishamo ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu kwa nje inafanana na tiba. Kuna kikundi, kuna kusikilizana, kuna kumbukumbu. Kilichokosekana ni yule wa upande mwingine ndani ya duara, na uhakika wa kesho. Mkimbizi asiyejua kama ataruhusiwa kubaki hana hatua ya kwanza, kwa hiyo anaishi kwenye ya mwisho.

Uhakika huo si jambo la saikolojia tu; ni la serikali. Desemba 1996 Tanzania ilitumia jeshi kuwarudisha Rwanda karibu wakimbizi nusu milioni waliokuwa Ngara na Karagwe. Miaka mingi baadaye, mwaka 2014, nchi hiihii ilikamilisha kuwapa uraia Warundi wa 1972 wapatao 162,000, jambo ambalo ni nadra duniani. Tumeshafanya yote mawili. Tunajua usalama unatolewaje na unaondolewaje. Na leo, kambini Nyarugusu mkoani Kigoma, bado wapo Wakongomani na Warundi walionusurika mambo ambayo hatujayasikia. Kambi hiyo ilifunguliwa 1996, mwaka uleule wa kuwarudisha wengine.

*

Nikirudi na hatua hizo sita kwenye Nyanda za Juu Kusini, naona tulianzia mwishoni. Tulianza na mnara.

Wajerumani ndio waliotangulia kujenga kumbukumbu Lugalo, kwa ajili ya watu wao. Kisha likaja fuvu. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliiamuru Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Ilichukua miaka 35. Gavana Edward Twining alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen yaliyokuwa na mafuvu mengi kutoka Afrika Mashariki, wakachagua moja kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ukoo wa Mkwawa. Mwaka 1954 akalikabidhi Kalenga kwa mjukuu, Chifu Adam Sapi, mbele ya umati mkubwa. Hadi leo fuvu hilo limo ndani ya kisanduku cha kioo, katika makumbusho ya Kalenga, na mgeni hulipa kiingilio kulitazama.

Siwalaumu waliolipokea. Walikuwa wamelidai kwa muda mrefu, na kulipata kulikuwa kushinda. Lakini tazama kilichofanyika: msiba wa watu wote ulipewa kichwa kimoja, na kichwa hicho hakikuzikwa. Nyimbo ziliimbwa kwa shujaa. Yule msichana aliyekuwa akila majani mwaka 1897 hakuwa na kisanduku wala wimbo.

Mwaka 1968 Chuo cha Dar es Salaam, chini ya wanahistoria kama John Iliffe, kiliwatuma wanafunzi kwenda makwao kuwahoji wazee walioiona Maji Maji. Kazi hiyo ni hazina; bila ya hiyo tusingejua mengi kuhusu Kinjikitile Ngwale na dawa yake. Wanafunzi hao walikuwa na umri kama wangu. Walikuwa wakiandika historia ya taifa lenye umri wa miaka saba, na taifa hilo lilihitaji kujua kwamba babu zake walipigana kwa umoja. Walikwenda kwa mzee mmoja mmoja na maswali ya mwanahistoria. Huenda ndiyo mara ya mwisho manusura wengi namna hiyo waliulizwa chochote.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akakutana na wajukuu wa waliouawa, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyafanya, na akaahidi kusaidia kukitafuta kichwa cha Songea Mbano. Lilikuwa jambo kubwa. Na hapo pia utaratibu ulikuwa uleule: kiongozi alizungumza na ukoo wa kiongozi, kuhusu mabaki ya kiongozi.

Nini kingekuwa tofauti? Sidhani tunahitaji kuubeba mwongozo wa Byumba na kuuweka Ilula kama ulivyo. Waliopatwa hawapo, na tiba ni ya walio hai. Tena vitu viwili vya hatua za mwanzo tunavyo tayari.

Kimoja ni matanga. Mtu akifa Ilula, hakuna anayemuuliza mfiwa maswali siku ya kwanza. Majirani wanaleta kuni, maji, unga na mboga. Kina mama wanalala chini pamoja na mfiwa ili asishtuke usiku akiwa peke yake. Anapewa chakula na anashikwa. Maelezo ya ugonjwa na kifo huja baadaye, yanasomwa mbele ya watu, na baada ya siku kadhaa matanga yanaanuliwa na kila mtu anarudi shambani. Usalama kwanza, kujaliana katikati, kumbukumbu baadaye. Bibi zetu hawakuhitaji kuambiwa.

Cha pili ni utani. Watafiti wa utani tangu enzi za Mwingereza wamesema kwamba sehemu kubwa ya utani wa makabila ulizaliwa kati ya watu waliowahi kupigana. Wahehe walivamia Ugogo; leo Mhehe na Mgogo hawawezi kupanda basi moja bila kutukanana kwa kicheko. Na mahali ambapo mtani ana kazi rasmi ni msibani. Anaruhusiwa kuvuruga kilio, kumwigiza marehemu, kudai fedha, kumfanya mjane acheke kwa mara ya kwanza. Aliyekuwa adui wa babu yako anapewa zamu kwenye maziko yako. Hilo ndilo lililokosekana Mishamo.

Kwa hiyo ninapofikiria kumbukumbu ya Lugalo, ya Kalenga, ya Songea, sifikirii mnara mwingine. Nafikiria mkutano mdogo, wa watu kumi na watano, wenye Wahehe, Wabena, Wangoni na Wasangu, na wengi wao wawe wanawake, maana ndio wanaokaa kwenye vikoba kila wiki na wanajua kutunza fedha na siri za wenzao. Wasianze na Mkwawa. Waanze na walichorithi bila maelezo: nani kwao hufichwa mahindi, nani kwao hataji jina la ukoo fulani, nani aliambiwa asiolewe kabila lipi na hakuambiwa kwa nini. Baadhi ya majibu hayatapatikana tena. Baadhi yataumiza, kwa sababu mjukuu wa aliyemfuata Nigmann hadi Mahenge atakuwa ameketi humo.

Wanaweza pia kuamua kutozungumza. Kunyamaza kwa bibi yangu kulimwezesha kulea watoto saba, na hakuna mtafiti mwenye haki ya kukuvunja kwa ajili ya tasnifu yake. Ila kunyamaza kwa hiari, ukijua ipo nafasi ya kusema, kuna tofauti na kunyamaza kwa sababu hakuna aliyekuja kulala matangani.

Na kabla hatujafika huko kuna kazi ya karibu zaidi. Nyarugusu kuna watu ambao maghala yao yamechomwa mwaka juzi. Hao hawahitaji mnara wala hotuba. Wanahitaji kuambiwa kama mwakani watakuwa hapa au watarudishwa. Wakishajua, wataweza kukaa chini na kuanza.